Muulize Fundi: Apdeti ya BIOS imegoma katikati, je bodi imekufa?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nina desktop niliyoiunga mwenyewe, juzi nilitaka kubadilisha prosesa niweke mpya zaidi nikaambiwa bodi yangu haitaitambua mpaka niapdeti BIOS kwanza. Basi nikashusha ile programu ya kuapdetia ukiwa ndani ya Windows, nikaianzisha, ikaenda vizuri tu mpaka asilimia 60 na kitu hivi ikaganda, mausi haisogei, nikangoja wee mpaka nikachoka nikashikilia kitufe cha pawa ikazima. Tangu hapo nikiwasha feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini nyeusi tii, keibodi hata taa ya Caps Lock haiitiki. Nimempelekea fundi mmoja akaiwasha mara moja akasema mazabodi imekufa ninunue nyingine. Ni kweli? Naomba msaada maana vitu vingine vyote ni vizima.
*Msomaji aliyekwama*

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kwa dalili ulizotaja bodi yako ina nafasi kubwa sana ya kupona, kwa hiyo usinunue nyingine kabla hujamaliza kusoma hapa. Na huyo aliyeiwasha mara moja akatoa hukumu hakuwa na njia ya kujua, maana bodi iliyoharibika BIOS na bodi iliyoungua kweli, ukiziwasha zinaweza kufanana kabisa, feni zinazunguka skrini nyeusi.

BIOS ni ile programu ya kwanza kabisa inayoamsha mashine kabla ya Windows, nayo inakaa kwenye chipu ndogo ya miguu 8 iliyochomelewa kwenye bodi. Kwa bodi za miaka ya karibuni chipu hiyo mara nyingi ni ya megabaiti 16 au 32, ukiimulika na tochi utaona imeandikwa kitu kama 25Q128 au 25Q256, hizo namba za mwisho ni megabiti, ukigawa kwa 8 unapata 16 na 32. Sasa chipu za aina hii huwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani hivihivi, lazima kipande kifutwe kwanza ndio kiandikwe upya, na kikishafutwa kinabaki kimejaa FF FF FF mwanzo mpaka mwisho. Apdeti inakwenda hivyo, kipande kwa kipande. Yako ilisimama njiani, kwa hiyo kuna sehemu ina BIOS mpya, kuna sehemu bado ina ya zamani, na huenda kuna kipande hapo katikati ambacho ni FF tupu. Mashine ikipata umeme inaenda kwenye hiyo chipu kutafuta maelekezo yake ya kwanza, ikikuta hayaeleweki inasimama hapohapo, haifiki hata kwenye kuwasha skrini wala keibodi. Feni zinazunguka kwa sababu umeme unafika. Kwa dalili zako huenda hakuna kilichoungua.

Kabla sijaendelea, hili ni la wasomaji wengine wote: apdeti ikigoma katikati lakini mashine bado inaitikia, yaani mausi inatembea ila programu imeleta ujumbe wa kosa, usizime na usiristati. Anza kuandika upya palepale. Windows saa hiyo inaishi kwenye RAM, haiihitaji sana hiyo chipu, unaweza kurudia mpaka iingie sawasawa. Ukizima tu ndio umejifungia nje. Wewe mausi ilikuwa haisogei kabisa kwa hiyo hukuwa na namna, sikulaumu.

Haya tuanze na kisichokugharimu kitu. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha pawa sekunde kadhaa kumaliza umeme uliobaki ndani, toa ile betri bapa ya CR2032, kisha gusisha kwa bisibisi pini mbili zilizoandikwa CLRTC au JBAT1 au CLR_CMOS (jina linategemea bodi) kwa sekunde kama 10, rudisha betri, jaribu kuwasha. Lakini nikuambie wazi, hii inafuta setingi tu, haigusi maandishi ya BIOS yenyewe. Naona watu wanatoa betri wanarudisha, wanatoa wanarudisha, wanalaza bodi usiku kucha bila betri wakitegemea itajitengeneza, haitajitengeneza. Kwa hali yako fanya mara moja kuondoa shaka, ikigoma songa mbele.

Sasa nenda nyuma ya mashine pale penye matundu ya USB, angalia kama kuna kitufe kidogo, na karibu yake tundu moja la USB lililozungushiwa mstari au lililoandikwa BIOS. Bodi za Asus wanaita USB BIOS FlashBack, MSI ni Flash BIOS Button, Gigabyte ni Q-Flash Plus, ASRock ni BIOS Flashback. Kwenye bodi nyingine kitufe kiko juu ya bodi yenyewe ndani ya kesi, kwa hiyo usiangalie nyuma tu, fungua na ubavu. Ukikiona hicho kitufe furahi kweli, maana hii njia haitegemei BIOS iliyoharibika hata kidogo. Kuna chipu nyingine pembeni inayosoma flashi yako na kuandika BIOS moja kwa moja, na inafanya hivyo hata kama hujaweka prosesa wala RAM.

Hapa ndipo wengi wanakosea kwa vitu vidogo, kwa hiyo twende taratibu. Kwenye kompyuta nyingine ingia tovuti ya mtengenezaji wa bodi, shusha BIOS ya modeli yako hasahasa. Bodi mbili zinaweza kuwa na jina lilelile zikatofautiana herufi moja mwishoni, au moja ina WiFi nyingine haina, na kwa Gigabyte tazama pia pembeni ya bodi utaona imechapwa rev. 1.0 au 1.2 na kadhalika, nayo ina faili lake. Flashi ifomati kwa FAT32, NTFS na exFAT mara nyingi havisomeki hapo. Tumia flashi ya kawaida tu, zile za zamani za USB 2.0 huwa hazisumbui. Faili liweke nje kabisa, si ndani ya folda, na likiwa limeshafunguliwa kutoka kwenye zipu.

Halafu jina. Hapo ndipo inapogoma kuliko mahali pengine popote. MSI wanataka faili liitwe MSI.ROM, Gigabyte wanataka GIGABYTE.bin, ASRock wanataka creative.rom, na Asus kila modeli ina jina lake linaloishia na .CAP lakini ndani ya zipu wameweka kijiprogramu kinaitwa BIOSRenamer, unakibonyeza kinabadilisha jina chenyewe. Windows ina tabia ya kuficha kiambishi cha mwisho cha faili, kwa hiyo unaandika jina ukiamini ni GIGABYTE.bin kumbe kwenye flashi linasomeka GIGABYTE.bin.bin. Ingia kwenye setingi za folda uwashe vionekane viambishi vyote, ndio ubadilishe jina.

Baada ya hapo zima mashine, ila pawa saplai iache kwenye umeme na swichi yake ikiwa imewashwa, na hakikisha waya mkubwa wa pini 24 na ule wa prosesa wa pini 8 vimechomekwa. Chomeka flashi kwenye tundu lililowekewa alama, si tundu lingine, kisha bonyeza kitufe. Kwa Asus unashikilia kama sekunde 3 mpaka taa iwake-zime mara tatu. Taa itaendelea kuwaka na kuzima wakati inaandika, kaa mbali nayo, inaweza kuchukua dakika 5 mpaka 10 na hata zaidi kidogo. Ikizima yenyewe kazi imeisha, na bodi nyingine zinajiwasha zenyewe zikimaliza. Kama taa imewaka-zima sekunde chache tu kisha ikaganda imewaka moja kwa moja, au haikuwaka kabisa, maana yake imekataa faili, rudi uangalie jina, fomati na tundu. Usikate tamaa kwenye jaribio la kwanza, badilisha flashi, rudia. Kukataa faili hakuongezi uharibifu wowote.

Je, kama bodi haina kitufe? Baadhi ya bodi za Gigabyte zina BIOS mbili, ya akiba inaweza kuchukua nafasi, nyingine zina kabisa swichi ndogo ya kuhamisha. Kama ni mashine ya HP iliyotoka kiwandani hivyo, flashi yenye faili la kurekebishia ukishikilia kitufe cha Windows pamoja na B kwenye keibodi wakati unawasha, inajaribu kujirudishia BIOS. Kwa Dell ni Ctrl na Esc. Jaribu hizo.

Zikishindikana zote ndio tunafika kwenye chipu yenyewe, na hapa tafuta fundi wa elektroniki mwenye kifaa cha kuandikia chipu, wengi wanatumia CH341A na kibanio cha miguu 8. Kazi ni ya muda mfupi kwa anayeijua, ila wewe mwenye mali simama umuulize mambo haya, usione aibu. Kwanza, chipu yako ni ya volti ngapi? Kuna za 3.3 na kuna za 1.8, na tofauti kwenye maandishi inaweza kuwa herufi moja, Winbond 25Q128FV ni ya 3.3 wakati 25Q128FW ni ya 1.8, ukiipa ya 1.8 umeme wa 3.3 unaweza kuiua kabisa, inahitaji adapta yake. Zile CH341A nyeusi zinajulikana pia kwa kupeleka volti 5 kwenye njia za data, fundi makini anajua na ameshairekebisha yake. Pili, kabla hajafuta chochote asome kilichomo na akihifadhi, asome mara mbili alinganishe, zikitofautiana kibanio hakijakaa vizuri. Msisitize hili. Ndani ya hiyo chipu kuna anwani ya MAC ya kadi yako ya mtandao, kuna namba ya utambulisho wa bodi, na kwa mashine za kutoka kiwandani kuna hata ufunguo wa Windows, mtu akimwaga faili la kwenye tovuti juu yake bila kuhifadhi vyote vinapotea. Tatu, faili la Asus la .CAP haliandikwi kwenye chipu lilivyo, mwanzoni lina baiti za ziada (mara nyingi 2048) ambazo lazima ziondolewe, la sivyo kila kitu kinakaa si mahali pake na bodi itabaki nyeusi vilevile, halafu utaambiwa tena imekufa.

Mpaka mtu awe amesoma chipu, ameandika BIOS safi, amesoma tena kuhakiki imeingia sawa, na bado skrini ni nyeusi, hapo ndipo nitakubali kusikia neno imekufa. Si kabla ya hapo.

Na safari nyingine usiapdeti ukiwa ndani ya Windows. Weka faili kwenye flashi, ingia BIOS, tumia chombo chake cha humohumo, Asus ni EZ Flash, MSI ni M-Flash, Gigabyte ni Q-Flash, ASRock ni Instant Flash. Kule hakuna antivairasi, hakuna programu arobaini zinagombania mashine, hakuna Windows kuamua kujiristati. Na kama unayo UPS, iunganishe.

SWALI: Fundi mimi nimeapdeti BIOS bodi ya AM5 (soketi mpya ya prosesa za AMD) yenye RAM za DDR5, ikaandika imekamilika vizuri, ikaristati yenyewe halafu skrini nyeusi. Nimesubiri dakika moja nikachomoa umeme, nikawasha tena nyeusi, nikachomoa tena, hivyohivyo mara kadhaa. Nimeua bodi?
*Dada mwenye wasiwasi*

JIBU: Dada yangu acha kuchomoa umeme, ndio dawa ya kwanza. Apdeti yako iliisha salama, ila setingi zote zimefutika pamoja na kumbukumbu ya jinsi bodi ilivyokuwa imejipimia RAM, kwa hiyo inapima upya kutoka sifuri. Kwa DDR5, na hasa AM5, kupima huko kunachukua dakika kadhaa, ukiwa umejaza matundu yote manne inachukua muda mrefu zaidi, na muda wote huo skrini ni nyeusi, hakuna maelezo, hakuna hata sauti. Kila ukichomoa inaanza mwanzo. Ndio maana kwako haiishi.

Washa uiache dakika 15 kamili bila kuigusa. Tazama taa ndogo nne za kwenye bodi zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, ukiona ya DRAM inawaka kwa muda mrefu ni hiyo kazi inaendelea, inaweza pia kujizima na kujiwasha yenyewe mara moja mbili katikati, ni kawaida. Ikipita muda huo bado, zima kwa utaratibu, futa setingi kwa zile pini nilizotaja juu, acha kijiti kimoja tu cha RAM kwenye tundu ambalo kitabu cha bodi kinaelekeza (mara nyingi ni la pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, A2), washa usubiri tena. Ikishawaka ndio unarudisha cha pili, na mwisho kabisa ndio unawasha EXPO (setingi ya kuongeza kasi ya RAM).

Baadhi ya bodi zinazosemwa zimekufa kwa apdeti zilikuwa zinapima RAM na mwenyewe akakosa subira. Watengenezaji wangeweka hata mstari mmoja wa maneno kwenye skrini wangewaokoa watu wengi sana na hofu.

SWALI: Baada ya kuapdeti BIOS kompyuta ya ofisini inaniletea skrini ya bluu inataka ufunguo wa BitLocker na mimi sijawahi kuweka ufunguo wowote. Mafaili yangu yamekwenda?

JIBU: Hayajaenda, ila tulia usibonyeze ovyo. BitLocker ni ulinzi wa Windows unaofunga diski, na yako ilikuwa imefungwa kwa siri inayotunzwa na TPM (chipu ya usalama), na TPM inaangalia kama BIOS ni ileile, ikiona imebadilika inakataa kufungua mpaka mtu athibitishe. Ufunguo una tarakimu 48. Windows nyingi zinawasha ulinzi huu zenyewe pale unapoingia na akaunti ya Microsoft, ndio maana hukumbuki kuuweka, kwa hiyo chukua simu uingie kwenye akaunti hiyohiyo ya Microsoft, sehemu ya vifaa, utaukuta umehifadhiwa. Kwa vile ni mashine ya ofisi inawezekana uko kwa watu wa IT, waulize wao kwanza.

Na wenye AMD, kama baada ya apdeti au baada ya kubadili prosesa mashine inakuletea maandishi meupe kuhusu fTPM (TPM iliyo ndani ya prosesa), inasema bonyeza Y kuifuta au N kuiacha, na una BitLocker na huna ufunguo mkononi, bonyeza N. Ukibonyeza Y siri iliyokuwemo imekwenda na bila zile tarakimu 48 hakuna fundi atakayekufungulia hiyo diski, mimi wala mwingine. Siku nyingine kabla ya apdeti ingia Windows usimamishe BitLocker kwa muda, ukimaliza uiwashe.

SWALI: Yangu inawaka vizuri baada ya apdeti lakini inasema hakuna diski ya kubutia. Diski imeungua?

JIBU: Hapana. Setingi zimerudi za kiwandani. Ingia BIOS uone kama diski inaonekana kwenye orodha. Kama inaonekana na Windows yako ni ya zamani iliyowekwa kwa mfumo wa MBR (mpangilio wa zamani wa diski), washa CSM (setingi ya kubuti mifumo ya zamani). Kama setingi ya jinsi bodi inavyoendesha diski ilikuwa RAID au VMD na sasa iko AHCI, rudisha ilivyokuwa. Usije ukaanza kuweka Windows upya juu ya data zako kwa sababu ya swichi moja. Na kabla ya apdeti yoyote piga picha kurasa zote za setingi kwa simu, inachukua muda mdogo sana.

SWALI: Kwa haya yote, si bora niache tu BIOS ya zamani? Mashine yangu haina tatizo lolote.

JIBU: Kama haina tatizo na hubadilishi prosesa, soma kwanza mtengenezaji ameandika nini kwenye kila toleo. Yakiwa ni maneno ya jumla tu ya kuboresha utulivu, unaweza kukaa ulipo. Lakini zipo apdeti ambazo kuziacha ni hatari kuliko kuziweka. Wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na 14 za desktop, zile zenye nguvu, wanahitaji BIOS ya kuanzia mwisho wa Septemba 2024 yenye maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x12B au iliyofuata, kwa sababu kabla yake prosesa ilikuwa inajipa volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa polepole, na ikishachakaa apdeti haiirudishi. Wenye Ryzen 7000 za X3D nao, mwaka 2023 kuna zilizoungua mpaka bodi zikapata BIOS mpya inayozuia volti ya SoC (sehemu mojawapo ya ndani ya prosesa) isipite 1.3. Kama uko kwenye makundi hayo na hujaapdeti, fanya wiki hii.

Angalia pia kama toleo unaloliendea limeandikwa kwamba huwezi kurudi nyuma au kwamba linaacha kutambua prosesa za zamani. Kuna bodi za AMD zenye chipu ya megabaiti 16 ambazo nafasi iliisha, wakaondoa prosesa za mwanzo ili wapate pa kuweka mpya, ukiapdeti ukiwa na hiyo ya zamani ndani, ikiristati haitaiona tena. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, fungua orodha ya prosesa zinazotambuliwa na toleo hilo uhakikishe iliyomo kwenye bodi yako saa hii imo.